Nanga, boya au gati: wawili mnaosafiri kwa tanga mlale wapi?

Safari ya mwambao kwa watu wawili haina ubishi mwingi mchana. Upepo ukikubali mnatweka tanga, ukikataa mnawasha injini, na mji unaofuata uko mwendo wa saa nne au tano. Ubishi huanza alasiri, mapaa ya mji yakishaonekana. Mmoja anataka gatini, ashuke kwa miguu yake na aoge maji ya bomba. Mwenzake anataka watie nanga nje, mbali na kelele. Na katikati ya ghuba kuna boya limekaa tupu. Wote wawili wanalitazama, hakuna anayejua ni la nani.

Njia zote tatu ni halali, na wasafiri wazoefu huzitumia zote ndani ya wiki moja. Tatizo ni pale watu wanaposhika moja kwa mazoea: "sisi ni watu wa nanga", "sisi hatulali nje". Bahari haiulizi ninyi ni watu wa nini. Nitazilinganisha kwa chombo ambacho wawili wengi husafiri nacho: mashua ya tanga ya mita 9 hadi 12, yenye injini ndogo na mkuku (uti wa chini ya chombo) unaoshuka kati ya mita 1.5 na 2 chini ya maji.

Vipimo kwanza

Ushauri mwingi wa bandarini hudhani kuna mikono ya kutosha: huyu ashike kamba ya mbele, yule ya nyuma, mwingine aruke gatini. Wawili wana hesabu tofauti. Mmoja yuko kwenye usukani, mmoja yuko kwenye kamba, wa tatu hayupo. Kwa hiyo nimeuliza maswali haya matano kwa kila njia:

- Kuingia: kazi ya kufunga chombo inadai mikono mingapi kwa wakati mmoja, na ikiharibika mna nafasi ya kuanza upya?
- Usiku: upepo ukigeuka saa nane usiku, nani anaamka na anafanya nini?
- Kufika mjini: kutoka chomboni hadi dukani kuna nini katikati?
- Fedha: mnalipia nini hasa?
- Kutoka: mnaweza kuondoka saa yoyote, ninyi wawili, bila kusaidiwa?

La tano ndilo ninalolipa uzito kuliko yote. Ndilo pia linalosahaulika upesi, maana aliyefika amechoka hafikirii kuondoka.

Kutia nanga

*Kuingia.* Kwa mikono minne tu, hii ndiyo njia yenye huruma kuliko zote. Mnaelekeza omo (mbele ya chombo) kwenye joshi, yaani upande unakotoka upepo, au mnaukabili mkondo kama una nguvu kuliko upepo. Chombo kinasimama. Aliye mbele anateremsha nanga hadi iguse chini, kisha chombo kinaachwa kirudi nyuma chenyewe huku mnyororo ukitolewa polepole, usije ukajirundika juu ya nanga. Ukishatoka wa kutosha, mwenye usukani anarudisha injini nyuma taratibu, halafu anaongeza, mpaka nanga izame na mnyororo ukaze. Hakuna ukuta wa kugonga. Nanga isiposhika mnaing'oa na kujaribu tena.

Kinachoangusha watu ni hesabu. Kanuni inayotumika sana ni kutoa mnyororo mara tano ya kina, na mara saba au zaidi kama sehemu kubwa ni kamba badala ya mnyororo, au kama upepo mkali unatarajiwa. Lakini kina kipi? Tuseme mmefika maji yakiwa yamekupwa kabisa, na kipima kina kinaonyesha mita 4. Jedwali la maji linasema usiku yatajaa mita 3. Omo ya chombo chenu iko mita 1 juu ya maji. Kina cha kuhesabia basi ni 4 na 3 na 1, yaani mita 8, na mnyororo unaotakiwa ni mita 40. Aliyehesabu ile mita 4 ya kipimo peke yake atatoa mita 20 na kulala vizuri tu hadi maji yajae. Hapo mnyororo wake unakuwa mara mbili na nusu tu ya kina halisi, na unainyanyua nanga badala ya kuilaza. Na upepo ukizidi, mzigo hauzidi kwa kiasi kilekile: kasi ya upepo ikiwa mara mbili, nguvu inayosukuma chombo huwa mara nne.

La pili ni chini kuna nini. Mchanga na tope gumu hushika vizuri. Mwamba unaweza kuikwamisha nanga isitoke tena, na nyasi bahari huifanya iteleze juujuu. Nyasi hizo zina ulinzi wa sheria sehemu kadhaa. Katika visiwa vya Balearic vya Hispania, kwa mfano, amri ya mwaka 2018 inakataza kutia nanga juu ya nyasi za posidonia. Aina ya nanga nayo ina uzito wake. Ile ya mfano wa jembe la plau iitwayo CQR ilibuniwa mwaka 1933 na mwanasayansi wa Uingereza Geoffrey Ingram Taylor, mtu aliyekuwa akisafiri kwa tanga na mkewe, ingawa aliikusudia ndege zinazotua majini. Nanga za siku hizi huzama upesi kuliko hiyo, lakini hata nanga bora haitashika kama mnyororo ni mfupi.

Jambo dogo linaloleta ugomvi mkubwa: aliye mbele hamsikii aliye kwenye usukani. Injini inanguruma na upepo unachukua sauti, kwa hiyo wanapigiana kelele, na mji mzima unadhani wanagombana. Kubalianeni ishara za mikono kabla hamjaondoka bandari ya kwanza: mbele, nyuma, simama, kushoto, kulia, nanga imeshika. Sita zinatosha.

*Usiku.* Hapa nanga hudai malipo yake. Kabla ya kulala chagueni vitu viwili nchi kavu vilivyo kwenye mstari mmoja, mathalani kona ya ghala na mnara ulio nyuma yake. Vikiachana mkiwa hamjageuka na upepo, nanga inaburura. Programu ya simu inayotumia GPS inaweza kulia chombo kikitoka nje ya duara mlilolipanga, ila duara hilo ni pana: mnyororo wa mita 40 na chombo cha mita 10 vinaweza kuwazungusha kwa umbali wa karibu mita 50 kila upande wa nanga. Jirani naye ana duara lake, na haligeuki sawasawa na lenu. Chombo chenye mkuku mrefu hufuata mkondo, boti nyepesi ya injini hufuata upepo. Saa sita usiku, mkondo ukigeuka, vyombo viwili vilivyokuwa mbali vinaweza kukutana ubavu kwa ubavu.

Kanuni za kimataifa za kuzuia migongano baharini za mwaka 1972 zinadai alama ya mpira mweusi mbele mchana, na usiku taa nyeupe inayoonekana pande zote. Mpira wengi hawautundiki. Taa isikosekane, hasa penye boti za wavuvi zinazotoka alfajiri.

*Kufika mjini.* Kwa kidau cha mpira. Hili huonekana jepesi hadi mrudi usiku kutoka mjini, mkiwa na mifuko ya sokoni, mawimbi madogo yameanza na mashua yenu ni moja kati ya ishirini zinazofanana. Vaeni maboya ya kujiokoa hata kwa mwendo wa dakika tano, bebeni tochi na makasia, na acheni taa ya nanga ikiwaka kabla hamjashuka. Kidau mkifungie mahali hakitabanwa chini ya gati maji yakijaa.

*Fedha.* Mara nyingi bure, na penye ada huwa ndogo. Gharama imejificha kwenye vifaa: nanga nzito, mnyororo mrefu, winchi ya kuuvuta, na betri za kulisha taa na friji bila umeme wa nchi kavu.

*Kutoka.* Hakuna kinachoizidi. Mnawasha injini, mnavuta mnyororo, mmeondoka, iwe saa nne asubuhi au saa tisa usiku. Na ikiwa nanga imekwama na mawimbi yanatisha, mnyororo unaweza kufungwa boya na kuachwa ufuatwe kesho. Hakikisheni tu kwamba mwisho wake ndani ya chombo umefungwa kwa kamba inayokatika kwa kisu, si kwa pingu ya chuma.

Inawafaa walio na subira, wenye usingizi mwepesi (najua linasikika kinyume), na wanaopenda kuutazama mji badala ya kutazamwa nao.

Kufunga kwenye boya

*Kuingia.* Boya linaonekana rahisi kuliko nanga, na kwenye maji tulivu ni kweli. Mnalikaribia mkikabili upepo au mkondo, aliye mbele anainasa pete kwa upondo wenye ndoana, anapitisha kamba, basi. Ugumu uko kwenye mita tatu za mwisho: boya linapotea chini ya omo na mwenye usukani halioni tena. Kwa sekunde hizo anategemea macho ya mwenzake tu. Aliye mbele anyooshe upondo kuelekea boya lilipo muda wote, hata asiposema neno.

Omo ikiwa juu sana, kuna ujanja: lichukueni boya kutoka ubavuni, karibu na katikati ya chombo ambako maji yako karibu na mkono, kisha mwende na kamba hadi mbele. Asiyetaka kupinda mgongo ataelewa kwa nini wengine hulijia kwa tezi (nyuma ya chombo) kabisa. Kamwe msijaribu kulishikilia chombo kikiwa bado kinakwenda. Tani tano haziwezi kuzuiliwa kwa mkono, na mabega mengi yameumia hivyo.

*Usiku.* Swali moja linatawala mengine yote: chini ya boya kuna nini? Nanga yenu mnaijua, mnyororo mmeuona. Boya limefungwa kwenye bonge la zege au parafujo iliyozamishwa ardhini, kwa mnyororo uliokaa kwenye chumvi miaka, na pingu ambayo huenda imelika ikabaki nyembamba kama penseli. Likiwa la bandari au la hifadhi ya bahari, lina namba na kikomo cha uzito kilichoandikwa juu yake, na msimamizi hueleza lilikaguliwa lini, linaaminika. Likiwa halina alama, mna haki ya kulishuku. Maji yakiwa maangavu, mmoja avae miwani ya kuzamia akatazame. Yasipokuwa maangavu, fungeni, kisha rudisheni injini nyuma kwa nguvu kiasi mwone kama linahama.

Kamba nayo ina makosa yake. Kupitisha kamba moja kwenye pete na kurudisha ncha zote mbili chomboni ni njia nzuri ya kuondoka upesi asubuhi, lakini usiku kucha kamba hiyo inasagika kwenye chuma kila chombo kinapoyumba. Kwa kulala, ongezeni ya pili iliyofungwa imara kwenye pete, ile ya kwanza ibaki ya akiba. Na upepo ukipingana na mkondo, boya hugonga omo, goi, goi, goi, hadi mtu anaamka na kuifupisha kamba.

*Kufika mjini.* Sawa na nanga, kwa kidau, ila mara nyingi mko karibu zaidi na penye mji mna boti ya kubeba watu. Duara la kuzunguka ni dogo, ndiyo maana bandari zilizojaa huweka maboya: vyombo vingi hukaa mahali ambapo nanga zingepigana.

*Fedha.* Kati na kati. Penye ada, mkusanyaji huja na boti jioni au asubuhi. Penye boya la mtu binafsi gharama ni nyingine: mwenyewe anaweza kufika usiku wa manane na kuwataka muondoke, na ana haki.

*Kutoka.* Upesi na bila kelele, hata kwa tanga peke yake bila injini. Mnaachia ncha moja, mnavuta nyingine, chombo kinarudi nyuma na kugeuka. Tahadhari moja ni kamba isiingie kwenye propela. Achieni, vuteni yote, hesabuni imeingia, ndipo mtie gia.

Linawafaa wasio na winchi ya nanga, waliofika kwenye kina kirefu kisichofaa nanga, na wanaolala juu ya matumbawe au nyasi bahari zinazohitaji kulindwa. Haliwafai wenye chombo kizito kuliko boya lilivyokusudiwa, na wengi wanaolipia katamarani (chombo chenye mabodi mawili) kubwa hawalisomi hilo andiko.

Kuingia gatini

*Kuingia.* Hapa ndipo ndoa hupimwa. Mahali ni pembamba, ukuta ni mgumu, kuna watazamaji, na chombo cha tanga kwa mwendo mdogo hakitii usukani vizuri. Kikirudi nyuma, propela nayo ina tabia yake: ile inayozunguka kulia kiendapo mbele huvuta tezi kushoto kiendapo nyuma. Anayejua chombo chake kinavuta wapi huchagua upande wa gati kwa kulijua hilo, asiyejua hushangaa kila mara.

Kitu kimoja kingebadilisha maisha ya wawili wengi: kamba ya katikati. Kabla hamjaingia, fungeni kamba fupi kwenye kishikizo cha katikati ya chombo, ining'inie nje ya reli. Dafrao, yaani yale maputo ya kukinga ubavu, ziwe tayari upande wa gati, na akiba moja mkononi. Mkigusa gati, aliye kwenye kamba anashuka (anashuka, haruki), anaizungusha kwenye kishikizo cha gati na kuirudisha chomboni. Mwenye usukani anatia gia ya mbele polepole na kuuelekeza usukani upande wa nje. Chombo kinajilaza ubavuni mwa gati na kubaki hapo, injini ikiunguruma pole, huku mkifunga kamba nyingine nne bila haraka: ya omo, ya tezi, na mbili za mshazari za kukizuia kisiende mbele wala nyuma. Kamba moja imefanya kazi ya mtu wa tatu.

Miji mingi ya Mediterania ina mtindo wake. Huko mahali pengi maji hayapandi wala kushuka hata nusu mita, kwa hiyo vyombo hujipanga tezi ikiwa ukutani. Mnatia nanga ya omo kiasi cha urefu wa vyombo vitatu au vinne kutoka gatini, mnarudi nyuma mkitoa mnyororo, kisha mnafunga kamba mbili za tezi. Penye kamba za chini zilizowekwa na bandari hamhitaji nanga. Ni mtindo unaookoa nafasi, lakini kwa wawili unadai kazi mbili kwa wakati mmoja ncha mbili za chombo, na upepo wa ubavuni ukivuma unageuka kuwa mchezo wa kubahatisha. Na kesho jirani atang'oa nanga akakuta mnyororo wake umelaliwa na wenu.

Nani ashike nini? Desturi ni mwanamume kwenye usukani na mwanamke kwenye kamba. Mimi naona ingefaa kugeuza mara kwa mara. Kazi ya kamba inataka nguvu na miguu myepesi, kazi ya usukani inataka utulivu, na hakuna jinsia iliyopewa utulivu peke yake. Pia kuna sababu nzito kuliko heshima: mmoja akiumia au akianguka majini, aliyebaki lazima ajue kuwasha injini, kushusha tanga, kuita msaada kwenye chaneli 16 ya redio, na kukileta chombo bandarini peke yake.

*Usiku.* Usingizi mzuri, kwa kawaida. Hakuna kuburura nanga. Ila msisahau maji. Gati linaloelea hupanda na kushuka pamoja nanyi, hapo hamna la kufanya. Ukuta wa mawe hauendi popote. Kamba zikiwa fupi na maji yakipwa, chombo kinabaki kimening'inia. Kwa hiyo kamba za omo na tezi ziwe ndefu, walau mara tatu ya tofauti ya maji kujaa na kupwa. Saint-Malo, Ufaransa, tofauti hiyo hupita mita 12 siku za bamvua kubwa, na bwawa la ndani karibu na mji wa kale linaingiwa kupitia milango ya maji, wakati maji yamejaa. Bandari ya namna hiyo haipangwi kwa saa ya chakula cha jioni.

Kelele ni nyingine: muziki wa baa, kamba za matanga zinazopiga milingoti, majirani wanaopita kwenye sitaha yenu kama mmefungana ubavu kwa ubavu. Mkipita kwa wengine, piteni kwa mbele ya mlingoti. Kupita nyuma ni kuchungulia chumba cha watu.

*Kufika mjini.* Hatua moja. Kwa anayetaka kuujua mji wenyewe, kukaa hadi taa zizimwe na kuingia sokoni mapema, hakuna mashindano. Mafundi, mafuta, maji na kufua viko karibu.

*Fedha.* Ghali kuliko zote, kwa kawaida kwa urefu wa chombo na kwa usiku. Katamarani hutozwa zaidi kwa upana wake. Umeme na maji huweza kuhesabiwa kando. Kuna gharama moja isiyoandikwa kwenye risiti: chombo kilichochomekwa umeme wa nchi kavu bila kifaa cha kutenga mkondo wa umeme kinaweza kuliwa vyuma vyake chini ya maji upesi, kupitia waya wa ardhi unaokiunganisha na vyombo jirani. Vipande vya madini ya zinki vilivyowekwa kulinda propela vikiisha haraka kuliko kawaida, tafuteni chanzo huko.

*Kutoka.* Hapa ndipo gati hupoteza alama kwangu. Upepo ukivuma kuelekea ukutani unawabana, na wawili hawawezi kuusukuma. Njia ipo: acheni kamba ya mshazari inayotoka omo kwenda nyuma kwenye gati, wekeni dafrao kubwa mbele, tieni gia ya mbele polepole huku usukani ukielekezwa gatini. Tezi inafunguka nje, mnatia gia ya nyuma, mnaachia kamba, mmetoka. Inafanya kazi hadi kiwango fulani cha upepo. Kikizidi hapo, mnakaa, na mnalipa usiku mwingine. Mawimbi marefu yakianza kuingia mdomo wa bandari hali ni mbaya zaidi: chombo kinapigwa ukutani na hakiwezi kuondoka. Mtu wa nanga wakati huo ameshahamia ghuba ya pili.

Kwa hali yenu

Kama ni siku zenu za kwanza pamoja chomboni, anzeni na nanga kwenye ghuba pana yenye mchanga, upepo ukiwa mdogo. Makosa yake ni ya bei nafuu. Gati la ukuta mahali pembamba lisubiri hadi mmelifanyia mazoezi asubuhi moja tulivu, mkiingia na kutoka mara kadhaa bila haja ya kukaa.

Kama mmoja wenu ana mgongo au goti bovu, hesabu inageuka. Kupanda na kushuka kidau kutamchosha kuliko kuingia gatini. Lipeni marina zenye magati yanayoelea, na pigeni simu au redio mapema mwombe mtu wa kupokea kamba. Si aibu, ndiyo kazi yao.

Kama utabiri unaonyesha upepo mkali usiku, ulizeni unatoka wapi, si una nguvu gani tu. Ukitoka nchi kavu, nanga nyuma ya mwambao mrefu inatosha na ina njia ya kutoka. Ukitoka baharini kuingia ghubani, ondokeni hapo kabla giza halijaingia, hata kama mmelipia. Boya lililokaguliwa linafaa hapo katikati, na bandari yenye ukuta kamili wa kuzuia mawimbi ni bora kuliko yote, ilimradi mmeingia kabla bahari haijachafuka mdomoni.

Kama bajeti ni nyembamba, pangeni usiku kadhaa nje kwa kila mmoja wa gatini, na ule wa gatini uwe na kazi: kujaza maji, kufua, kununua, kuchaji betri. Kulipia gati kisha kushinda chomboni ni hasara ya pande mbili.

Kama mnaingia nchi nyingine, uchaguzi si wenu kabisa. Mnapandisha bendera ya njano, mnakwenda kwanza kwenye bandari iliyoidhinishwa kwa forodha na uhamiaji, na mnalala pale wanaposema. Ghuba nzuri mliyoiona njiani itabaki pale pale.

Kama kilichowaleta ni miji yenyewe, yaani majengo, soko na watu, msijibane na nanga kwa ajili ya fahari. Laleni gatini usiku wa kwanza, mzunguke hadi mchoke, kisha mhamie nje usiku wa pili ikiwa kelele zimezidi. Anayetaka faragha afanye kinyume chake: nanga kwanza, na gati pale tangi la maji linapokaribia kuisha.

Na kama mmechelewa, giza limeshaingia na bandari hamuijui, gati lisiwe chaguo. Taa za mji huficha taa za mlango wa bandari, na maboya yasiyo na taa hayaonekani hadi yako chini ya omo. Tafuteni kwenye ramani eneo la wazi nje lenye kina cha mita 5 hadi 10 na mchanga, lililokingwa na upepo wa usiku huo, mtie nanga, muwashe taa nyeupe, mpokezane zamu za saa mbili mbili. Likikosekana, bakini baharini kwenye maji mapana hadi kupambazuke. Bandari mtaiingia saa kumi na mbili asubuhi, kukiwa na mwanga wa kutosha kuona kamba inakwenda wapi.